Boliti ya Saba

Jumanne, 9 Septemba 1997

Joto limeanza mapema mwaka huu. Ziwa limelala, hakuna upepo, samaki wananuka hadi kwenye karakana yangu.

Leo nimewachekesha watu bandarini. Chishimba, fundi wa meza ya pili, alikuwa anafunga boliti za mtu kwa ile spana yake ya kupima, ile ndefu ya kwenye sanduku jekundu. Alipewa huko migodini Mufulira walipompunguza kazi. Unaweka namba kwenye mpini, unavuta, boliti ikifika inalia – ka! – unaacha. Watu wanaiita spana inayolia. Nikamwambia mbele ya wote: Chishimba, boti ikikata kamba utauliza spana yako kama inajua kuogelea? Wakacheka. Naye akacheka, kwa adabu yake ile ya Kibemba, ya Ba na mukwai kila neno, inayoniudhi. Akasema tu, "Ee mukwai, Ba Valère, miye sina mukono kama wenu."

Mkono kama wangu. Miaka ishirini na sita nafunga injini za boti, tangu Pweto kwetu Kongo hadi huku Nchelenge, na sijawahi kutumia kipimo. Boliti inakuja, inakaza, halafu kuna mahali inakuwa nzito kidogo – hapo unaacha. Hakuna anayeweza kukufundisha mahali hapo. Mkono ndio unaojua.

Niandike ukweli, kwa kuwa hapa hasomi mtu. Mkono wa kulia haujui tena. Kidole gumba na viwili vinavyofuata vimekufa ganzi tangu mwezi wa sita. Asubuhi nimeshika sufuria ya chai kwenye mkaa, nikaisogeza, na nilijua imenichoma baada tu ya kusikia harufu ya ngozi yangu. Stéphanie alikuwa amenipa mgongo. Mke wangu haoni kila kitu, namshukuru Mungu.


Alhamisi, 11 Septemba

Mama Rosaria ameleta injini ya Natotela. Ni boti yake, ndiyo inayobeba watu na chisense, dagaa wa huku, kati ya kisiwa cha Kilwa humu ziwani na huku kwetu. Nguvu za farasi arobaini, gasketi ya kichwa imeungua. Kazi niliyoifanya mara mia.

Kichwa kina boliti kumi. Nimefunga kuanzia katikati kwenda nje, kama inavyotakiwa. Ya kwanza hadi ya sita – sijui. Nilivuta. Nilidhani nimefika. Sikusikia chochote mkononi, ndiyo maana nikaongeza kidogo, na kidogo tena. Ya saba, ile ya chini upande wa tangi la mafuta, ilikaza, halafu ikalegea. Ikawa inazunguka bure.

Nimekata meno ya tundu. Chuma cha injini hizi ni laini, ukizidisha nguvu kinakwenda. Mwanafunzi wa mwezi wa kwanza ndiye hufanya hivyo! Nilisimama pale, spana mkononi, masikio yanawaka, nikatazama kama kuna mtu ameona. Hakuna. Mama Rosaria alikuwa anabishana na wauza chumvi.

Nikaendelea na ya nane.

Halafu nikapaka alama. Hapa bandarini kila fundi ana rangi yake, na boliti aliyoifunga anaiwekea nukta mwenye boti akiwa anatazama. Yangu ni kijani, ya Chishimba ni nyeupe. Yeyote akifungua injini anajua mkono wa nani ulipita, na mkono wa mwisho ndio wenye kosa. Hatuna karatasi, hatuna sahihi. Nukta tu. Nimemwita Mama Rosaria, nikapaka nukta kumi za kijani mbele yake, hata kwenye ile. Akasema natotela mukwai, Ba Valère. Asante kwa Kibemba, na ndilo jina la boti yake.

Mkono haukutetemeka. Hilo nalo ni aibu.


Ijumaa, 12 Septemba

Sikwenda bandarini. Nimesema ni tumbo.


Jumapili, 14 Septemba

Baada ya misa Mama Rosaria amenifuata hadi langoni. Alizunguka kwanza: habari za mama, habari za Aurélie, binti yetu aliyeolewa Pweto. Nikajua kuna jambo. Kisha: "Ba Valère, musikasirike. Nimeambia Chishimba apitishe ile spana yake kwa machine. Si kwamba siwaamini. Ndugu yangu Maggie njo atapanda, na mutoto."

Maggie ni mdogo wake, anaishi kisiwani. Natotela inaondoka Alhamisi na itarudi naye Jumamosi.

Nilimjibu vibaya. Nilisema mama, mzoea vya kunyonga vya kuchinja haviwezi, mimi ni wa mkono, kama umepata wa kitabu basi uende naye moja kwa moja. Akainamisha kichwa. Mwanamke mwenye boti tatu, ananiinamishia kichwa mimi kwa sababu nimepaza sauti kanisani! Nilipaza kwa kuwa niliogopa, si kwa kuwa nilidharauliwa.


Jumatatu, 15 Septemba

Chishimba amekuja karakana. Alibisha hodi kwenye nguzo, ingawa hakuna mlango. Aligoma kukaa.

Niandike alivyosema, neno kwa neno, maana yananizunguka kichwani: "Ba Valère, mukwai. Zote ziko nguvu kupita namba, lakini hiyo haina neno, nimezilegeza nikazifunga upya. Sasa ile ya saba inazunguka tu. Nilingoya ilie, haikulia. Sikumwambia Ba Rosaria, na hakuwako nikipaka. Nimeweka yangu nyeupe kwa tisa. Ile ya saba nimeacha na kijani yenu. Kazi ni yenu, mutengeneze mbele ya boti kwenda."

Hakuwa na kiburi. Ndicho kilichoniuma. Angekuja na kicheko ningempiga, na ningelala vizuri.

Alikuja hapa mwaka jana na sanduku lake na begi moja, na ni mimi niliyemwonyesha pa kuweka meza yake, nikamwachia nusu ya kivuli changu. Sasa ananirudishia wema. Nikamwambia nilikuwa najua, nilishaagiza boliti kubwa kutoka kwa mtu wa Kasenga, kesho nitakata meno mapya. Uongo wote, isipokuwa Kasenga ipo.

"Bon," akasema. Hilo ni neno letu sisi wa Kongo, la kusema sawa, amejifunza kwangu.


Jumanne, 16 Septemba

Kukata meno mapya kwenye tundu kunataka mkono unaosikia. Ukienda upande, injini nzima imekwisha. Ningeweza kumwomba Chishimba. Ningesema tu: ndugu, nishikie hii. Maneno mawili.

Nimekata kibati cha kopo la maziwa, chembamba, nikakizungushia boliti, nikaiingiza kwa nguvu. Imekamata. Nimevuta, haikuzunguka. Kwa macho yangu haikuzunguka, maana mkono sikuuliza.

Mama Rosaria hakuniona nikiishika injini, alipita baadaye akauliza kama yote yako sawa. Nilisema yako sawa. Chishimba alikuwa meza ya pili, alisikia, akanitazama, akaitikia kwa kichwa. Ameniamini.


Alhamisi, 18 Septemba

Natotela imeondoka saa mbili asubuhi. Injini ilisikika vizuri sana. Nimekula bukari, ugali wa kwetu, sahani mbili.


Ijumaa, 19 Septemba

Stéphanie ameona kidole. Malengelenge ya siku ile ya sufuria yamepasuka. Aliushika mkono wangu, akabonyeza na ukucha, akinitazama usoni. Sikujua amebonyeza hadi nilipotazama chini.

"Baba Aurélie, hii mukono haisikie."

Nikasema ni uchovu. Akasema uchovu hauwezi kukaa miezi mitatu kwenye vidole vitatu, na kwamba yule nesi wa kliniki ya Kafutuma alinichoma na pini mwezi wa saba na akasema nirudi. Kumbe alijua kwamba nilikwenda. Kumbe anajua yote, anangoja tu nimwambie. Sikumwambia. Fundi asiyesikia mkono ni mtu gani? Atakula nini? Nani atamletea injini?


Jumamosi, 20 Septemba

Saa sita – Natotela haijafika. Ilitakiwa saa nne.

Saa tisa – haijafika. Upepo umeanza kutoka kwetu kwenda ng'ambo. Mama Rosaria amesimama majini hadi magotini, na viatu.

Saa kumi na moja – boti mbili zimekwenda kutafuta. Nilijitolea kwenda. Wakasema ba mudala, mzee, ninyi mukae. Nimekaa.


Jumapili, 21 Septemba

Wamerudi asubuhi, wakivutwa na boti ya wavuvi. Wote kumi na mmoja wako hai. Naanza na hilo kwa kuwa ndilo pekee zuri.

Injini ilizimika katikati ya maji saa tatu jana. Maji yaliingia kwenye silinda. Upepo uliwasukuma kutwa nzima kuelekea Kongo, walipiga kafi wakachoka, chisense yote wakaimwaga ili boti iwe nyepesi. Mtoto wa Maggie, msichana wa miaka miwili, alikuwa na homa tangu kisiwani. Safari ya saa mbili ikawa ya mchana mzima juani na usiku mzima, maji ya kunywa yakaisha. Walipomshusha alikuwa amelegea, macho yamegeuka. Watu wote wakakimbia naye hospitali.

Watu wote, isipokuwa mimi. Nilisema nitabaki niilinde injini.

Hapa ndipo kalamu inagoma. Lakini nimesema nitaandika ukweli, basi.

Nilifungua kifuniko. Boliti ya saba ilikuwa imetoka nusu kidole, na kibati kimekatika. Juu yake nukta ya kijani, safi, imetulia. Tisa zina nyeupe, moja ina kijani. Mtu asiyejua kusoma angesoma pale. Kwenye banda la Mama Rosaria kulikuwa na kopo la rangi nyeupe, ile waliyoandikia jina la boti. Nikachomoa kibati nikakitupa ziwani. Nikaizungusha boliti hadi ikakaa mahali pake. Nikachovya kijiti. Nikapaka nyeupe juu ya kijani.

Ilichukua muda mfupi kuliko kusema Baba Yetu.

Nimefika nyumbani, Stéphanie akaniwekea maji ya kunawa. Akasimama. "Hii blanc inatoka wapi?" Nikatazama. Kidole gumba chote kimejaa rangi nyeupe hadi kwenye kiungo, na sikuwa nimehisi. "Rangi yako njo ile verte," akasema. Nikasema niliegemea boti. Akanipa kitambaa na mafuta ya taa. Nimesugua hadi damu ikatoka, na hata hiyo sikuihisi.


Jumatatu, 22 Septemba

Kikao bandarini. Patson ndiye mwenyekiti wa wenye boti, mtu mpole, hapendi mashauri marefu. Alifungua kifuniko mbele ya watu wote, akaishika boliti ya saba kwa vidole viwili, akaizungusha bila spana. Watu wakaguna. Nukta zote kumi ni nyeupe.

Mama Rosaria alieleza alivyomwomba Chishimba apitie. Hakunitaja hata kidogo, isipokuwa kusema kwamba Ba Valère alimwonya Jumapili na yeye hakusikia. Alisema hivyo mbele ya watu. Aliniomba radhi!

Chishimba akaitwa atazame. Aliinama. Nukta zake yeye ni ndogo sana, anazipaka kwa kichwa cha msumari. Ile ya saba ilikuwa kubwa, imechuruzika. Akasema, "Hii moja si yangu."

Patson akauliza, sasa ni ya nani? Nani mwingine anapaka nyeupe hapa? Watu wakacheka kidogo, kicheko kibaya. Mmoja akasema spana imelia, mwenyewe hakusikia. Ni utani wangu mimi, umetoka mdomoni mwangu, sasa unatembea wenyewe.

Chishimba akanyanyua kichwa akanitazama. Hakunikazia macho. Alikuwa ananingoja. Ninajua kungojwa kulivyo, mke wangu ananingoja hivyo hivyo. Nafasi ilikuwa pana, ng'ombe angepita. Nikatazama ziwa.

"Siyue, mukwai," akasema.

Patson akasema kile ambacho sote tunajua: mukono ya mwisho njo yenye kosa. Chishimba ampe Mama Rosaria spana yake iwe malipo ya injini na samaki, na hapa bandarini hatafunga tena. Na kuitengeneza injini – akageuka – tunamwomba Ba Valère.

Watu wakapiga makofi.


Jumanne, 23 Septemba

Nimekwenda hospitali na sukari na machungwa matatu. Nilitaka kumwona mtoto, nikitumaini sitamwona. Anaendelea vizuri. Ana mpira wa maji mkononi, mkono mdogo uliofungwa kwenye kipande cha ubao usitikisike. Amefungua macho, akaona machungwa.

Maggie alipiga magoti kunipokea. Hivyo ndivyo wanawake wa huku wanavyoheshimu. Akasema Mungu awabariki, Ba Valère, ninyi wenye mikono ya kweli ndio mnatuvusha. Nilitoka nje nikatapika nyuma ya ukuta wa jiko la wagonjwa. Bibi mmoja akaniuliza kama ni malaria. Nilisema ndiyo.


Jumatano, 24 Septemba

Kazi haiendi. Nimefungua injini, nimeziweka boliti kumi mfukoni, nimeivua ile gasketi iliyolowa. Zaidi ya hapo siwezi. Mama Rosaria anadhani nasubiri boliti kubwa kutoka Kasenga. Uongo wangu wa zamani umepata kazi mpya.


Alhamisi, 25 Septemba

Chishimba amekuja mwenyewe na sanduku jekundu. Mama Rosaria alimwambia aniletee mimi, kwa kuwa injini yake haitafungwa tena ila kwa mkono wangu na spana hiyo, vyote viwili. Ameogopa, hataki kubahatisha. Kwa hiyo mwenye spana ananifundisha spana yake.

Safari hii alikaa. Alifungua sanduku. Imelazwa kwenye kitambaa, imepakwa mafuta, safi kuliko kitu chochote nilicho nacho. Akanionyesha: hapa unalegeza, hapa unazungusha hadi namba, unakaza. Vuta polepole. Ikilia, acha. Baadaye ukimaliza rudisha namba chini, isilale imekazwa. Alisema yote kwa upole, mara mbili, kama mtu anayeacha mtoto wake kwa jirani na kueleza anachokula.

Nikajaribu kwenye boliti ya zamani iliyobanwa kwenye jiliwa. Nikavuta. Ka! Nilisikia. Kwa masikio. Mkono ulikuwa bubu kama kawaida, lakini nilisikia, na nikaacha mahali penyewe. Nikajaribu tena. Ka. Mara ya tatu nilisahau nilipo. Nilikuwa fundi tena! Miezi mitatu sijajua nimefika au sijafika, na kile chuma kilikuwa meza ya pili, kwenye nusu ya kivuli changu.

Nilipomrudishia mpini akaona kidole. Alikishika bila kuomba ruhusa, akakigeuza juu na chini, akaona palipoungua na palipochubuka. Kwenye kona ya ukucha palibaki weupe kidogo. Aliuona. Najua aliuona.

"Ba Valère. Mukono haisikie?"

Nikauvuta mkono, nikauweka mapajani.

"Ku mugodi," akasema, "bazee ba kutoboa mawe balikuwa hivi. Hata pini hawasikie. Walificha, juu wangefukuzwa. Basi mukubwa wetu akatupatia hizi spana. Alisema hii si ya kucheka mukono ya mutu. Ni ya kumusaidia mutu mwenye amechoka." Akafunga sanduku. "Mungeniambia, batata."

Batata ni baba. Hajawahi kuniita hivyo.

Alisema Jumamosi anapanda lori la kwenda Chienge. Kuna mtu anayefunga injini za hammer mill, zile mashine za kusaga unga, labda atampa kazi ya kusafisha. Kusafisha! Nilitaka kusema. Nilifungua mdomo. Kilichotoka ni kwamba barabara ya Chienge ni mbaya, ashike maji ya kutosha.

Aliagana nami kwa mikono miwili.


Ijumaa, 26 Septemba

Nimemwambia Stéphanie. Mkono, kibati, nyeupe, yote. Nilianza nikiwa nimesimama nikamaliza nimekaa chini. Alikuwa anachambua chisense, hakuacha kuchambua.

Aliposikia yote akasema, "Ulificha mukono, nikasema ni haya, itaisha. Sasa umeficha mutu."

Nikamuuliza nifanye nini. Akasema hilo si swali la kumuuliza yeye, yeye haendeshi bandari. Nikasema tutakosa kula. Akasema kwao Pweto mama yake aliwalea saba kwa kukaanga mikate, na hakuna aliyekufa. Halafu akasema kitu ambacho sikukitegemea: kwamba Jumatatu tutakwenda wote Kafutuma kwa nesi, nipende nisipende. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Alisema hivyo akisukuma samaki wabovu pembeni.

Leo nimekata meno mapya kwenye tundu. Nimeomba fundi seremala mmoja, Kalaba, anishikie kifaa cha kukatia meno kiende sawa, nikamwambia wazi kwamba mkono wangu hausikii. Alishangaa kidogo, akasema macho yake nayo hayaoni karibu, tukasaidiana. Ilikuwa rahisi hivyo. Boliti kubwa nimeitoa kwenye injini iliyokufa. Tundu limenyooka.


Jumamosi, 27 Septemba

Naandika ufukweni, daftari juu ya sanduku jekundu. Saa nne na nusu.

Kichwa kimekaa. Boliti kumi zimefungwa kwa spana, kuanzia katikati kwenda nje, mara mbili, zote zimelia. Hata ya saba mpya. Imebaki alama. Mama Rosaria lazima atazame nikipaka, ndiyo desturi, na nimemtuma mtu amwite. Yuko sokoni, hayuko mbali.

Lori la Chienge liko pale karibu na mizani ya samaki, linapakia magunia ya chumvi. Chishimba ameshapanda. Amekaa juu ya magunia, begi mapajani. Hana sanduku, anaonekana mwembamba bila hilo sanduku. Hajatazama huku. Dereva bado anakunywa chai. Patson naye yupo, anahesabu magunia pamoja na utingo.

Chupa yangu ya kijani iko wazi, kijiti kiko ndani yake.

Boliti ya saba ya zamani nilikuwa nayo mfukoni tangu Jumatano. Nimeitoa. Nimeikwangua na kisu, polepole, nikitazama kidole kisikatike, maana hakitaniambia. Nyeupe imetoka kwa urahisi, kama ganda la yai. Chini yake kijani iko palepale. Sikuiondoa siku ile, kwa haraka yangu. Nukta yangu mwenyewe, nilivyoipaka mbele ya mwenye boti, na nusu ganda jeupe limebaki ukingoni ili kila mtu aone kipi kilitangulia.

Nimeiweka juu ya ubao, mahali ambapo mtu akisimama kutazama injini hawezi kukosa kuiona. Kijani kiko juu.

Nimejaribu maneno. Mama Rosaria, kabla sijapaka. Mama Rosaria, mwite Patson kwanza. Mama Rosaria, lori lisiondoke. Hili la mwisho ndilo fupi.

Dereva amesimama, anamwaga masalio ya chai. Utingo anafunga mlango wa nyuma.

Mama Rosaria anakuja. Namwona kwa kitambaa chake cha njano, anapita kati ya vitanga vya chisense, anasalimia watu, hana haraka. Yuko pamoja na Maggie, na Maggie amembeba mtoto mgongoni. Mtoto ana kofia. Kumbe wamemruhusu.

Injini ya lori imewaka.

Hatua thelathini hivi zimebaki. Boliti iko juu ya ubao. Bado naweza kuigeuza kijani kiwe chini, mkono uko karibu –